Mbwa Amekufa, Kupe Wamebaki

Mbwa akifa nyumbani, swali la kwanza linalofika kliniki kwangu huwa si "amekufa kwa nini?" Huwa ni, "Daktari, nitampata wapi mwingine?" Linaulizwa haraka, wakati mwingine siku hiyohiyo, na baba ambaye watoto wake wamegoma kula, au na mama ambaye geti lake sasa halina wa kubweka. Nawaelewa. Ila swali hilo linaruka mambo mawili kwa mpigo: ugonjwa uliomuua wa kwanza, na huzuni ya waliobaki. Moja tumezoea kumwachia daktari wa mifugo, jingine shehe, padri au mshauri nasaha, kana kwamba hayajuani. Mimi nayaona yametoka chungu kimoja, na leo nataka kueleza kwa nini.

Tuanze na kupe, maana katika miji yetu ya joto ndiye anayejaza kliniki. Namsema kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus kwa jina la kitaalamu. Wenye mbwa wengi wanaamini kupe anaishi juu ya mbwa. Yule unayemwona ndani ya sikio, amevimba mpaka amegeuka kijivu, yupo hapo kwa siku chache tu. Akishiba anadondoka, anatambaa ukutani na kupanda juu, anaingia kwenye ufa wa plasta, chini ya bati au nyuma ya mbao za banda, na humo anataga mayai kwa maelfu kisha anakufa. Mayai yanaangua vitoto vya miguu sita. Vinapanda mbwa, vinanyonya, vinadondoka, vinajibadili vikiwa ufani. Vinatoka na miguu minane, vinapanda tena, vinanyonya, vinadondoka tena. Ndipo wanakuwa wakubwa na kupanda kwa mara ya tatu. Sehemu kubwa ya maisha yake, basi, kupe huyu anaishi kwenye jengo. Mbwa ni mahali anapokwenda kula.

Tena tofauti na kupe wengi, huyu anaweza kumtumia mbwa katika kila hatua. Hahitaji ng'ombe, panya wala nyasi. Ndiyo maana mbwa asiyetoka nje ya ukuta Mikocheni au Nyali anajaa kupe, na mwenyewe anashangaa: "Huyu hajawahi kukanyaga majani, Daktari." Kwenye joto la Dar es Salaam na Mombasa hakuna msimu wa baridi wa kukatisha uzazi, kizazi kinafuata kizazi. Na kupe mkubwa ambaye hajala anaweza kukaa ufani akisubiri kwa miezi mingi, hata kupita mwaka. Shika hilo, tutalirudia.

Wateja wangu wengi wana desturi ya Jumamosi: mtoto anaitwa, mbwa anashikwa, kupe wanang'olewa mmoja mmoja na kutiwa kwenye kopo la mafuta ya taa. Si kazi mbaya. Tumia kibano, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kumzungusha. Usimchome kwa kiberiti na usimminye tumbo. Lakini unawatoa waliokuja mezani, na ukutani bado wamo wengi kuliko hao.

Katika mate ya kupe huyo husafiri bakteria aitwaye Ehrlichia canis. Wafaransa wawili, Donatien na Lestoquard, ndio waliomweleza kwa mara ya kwanza, nchini Aljeria, mwaka 1935. Kilichomtangaza duniani ni vita vya Vietnam: mwishoni mwa miaka ya 1960 mbwa wa jeshi la Marekani walikufa kwa mamia, hasa wa aina ya German Shepherd, wakivuja damu puani. Huku kwetu hatukuhitaji kuambiwa. Madaktari wa Nairobi walikuwa wakiuona ugonjwa huohuo, na majarida ya tiba ya wanyama yaliuandika kwa jina la mji wao: ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu.

Jinsi unavyoua ndiyo inayonihusu zaidi leo, kwa sababu ndiyo inayozaa majuto. Wiki moja mpaka tatu baada ya kuumwa na kupe, mbwa anapata homa, anakataa chakula, tezi zinavimba. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinashuka. Wengi hupona hatua hii wenyewe, au huonekana wamepona, na nyumba nzima inasahau. Kisha unakuja ukimya wa miezi, pengine miaka. Mbwa anakula, anabweka, anazaa. Bakteria yumo. Halafu kwa baadhi yao uboho wa mifupa unachoka kutengeneza damu: fizi zinakuwa nyeupe, damu inatoka puani bila kipigo, macho yanaingia ukungu, mwili unakonda. Mbwa akiletwa kwangu katika hatua hii, mara nyingi dawa haifui dafu.

Akiletwa mapema, dawa ipo, na si ya bei ya kutisha: doksisaiklini, kidonge ambacho hata binadamu anapewa. Dozi yake ya kawaida ni siku 28. Tatizo ni kwamba mbwa mwenye ugonjwa wa mapema anachangamka ndani ya siku mbili tatu. Anakula, anatikisa mkia, na vidonge vilivyobaki vinarudi kabatini. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tumefunzwa na maisha kwamba dawa ni ya mgonjwa, na mgonjwa huyu anaruka ukuta.

Nitaje kwa haraka ndugu wa ugonjwa huu. Babesia, inayoenezwa na kupe wa aina tofauti kidogo, hupasua chembe nyekundu za damu; mkojo unakuwa mwekundu au rangi ya kahawa, ngozi na macho vinaingia manjano, na aina inayopatikana Afrika Mashariki na Kusini, Babesia rossi, inaua kwa siku chache. Hapo hakuna kusubiri mpaka Jumatatu. Na kwa wanaokaa karibu na mbuga zenye mbung'o, mbwa mwenye homa ambaye jicho lake limegeuka ghafla kuwa la bluu apimwe nagana, ugonjwa wa malale wa wanyama.

Sasa, kwa nini mbwa wetu wanakufa kwa magonjwa yanayozuilika na kutibika? Umaskini ni sehemu ya jibu, lakini nimeona mbwa wakifa hivyo katika nyumba zenye magari matatu. Sehemu nyingine ya jibu ina historia ya ng'ombe ndani yake.

Mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alipofanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, aliona vimelea vidogo ndani ya damu ya ng'ombe wa pwani. Mwaka 1902 ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani hii kwenda Rhodesia walifika na ugonjwa uliofagia mifugo ya kule, wakoloni wakauita homa ya Pwani ya Mashariki. Wafugaji wetu wanauita ndigana kali. Tangu hapo kupe akawa suala la serikali. Majosho yakajengwa, sheria za kuogesha ng'ombe zikatungwa, na katika miaka ya 1970 watafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, wakakamilisha chanjo ambayo mpaka leo inawaokoa ndama wa Wamaasai. Vyuo vyetu, Kabete, Makerere na Sokoine, vilizaliwa ndani ya mantiki hiyo: daktari wa mifugo ni daktari wa uchumi. Mbwa alikuwepo, kando, akilinda zizi.

Silaumu. Ng'ombe ni karo ya shule, ni mahari, ni maziwa ya mtoto. Nchi yenye madaktari wachache ilipaswa kuanza na ng'ombe. Ila matokeo yake ni kwamba mbwa na paka walirithi makombo: dawa iliyobaki joshoni, dozi iliyokisiwa, ushauri wa muuza duka la pembejeo ambaye anajua ng'ombe vizuri na mbwa kwa kubahatisha. Dhidi ya ehrlichia hakuna chanjo inayouzwa popote. Mnyama asiye na bei sokoni hatengewi fungu, na huyohuyo akifa hana matanga. Chungu nilichokitaja mwanzoni ni hicho.

Kabla sijafika kwenye huzuni hiyo, kuna simulizi moja ambayo napenda kuwapa wanaoona kupe ni kero tu. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walikufa takriban theluthi moja, kama elfu moja hivi. Muuaji alitajwa kuwa distempa, virusi vilivyotokea kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Ni kweli, lakini si yote. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba distempa ilishawahi kupita kati ya simba hao miaka mingine bila kuua hivyo. Tofauti ilikuwa ukame wa 1993: nyati walidhoofika na kujaa kupe, simba wakawala nyati hao na kupata babesia kwa wingi usio wa kawaida, kisha distempa ikaja na kuangusha kinga zao. Ngorongoro yakajirudia mwaka 2001 baada ya ukame mwingine. Kama mfalme wa nyika anaangushwa namna hiyo, Simba wako wa getini, mwenye jina la kuazima, ana nafasi gani asipopata chanjo wala dawa ya kupe?

Turudi kwenye makombo ya ng'ombe, kwa sababu yanaua pia. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe huchanganywa na maji kwa kipimo. Mbwa akipakwa dawa ikiwa nzito, anazubaa, mapigo ya moyo yanapungua, sukari ya damu inapanda, na mbwa mdogo anaweza kufa. Ivermektini ya sindano ya asilimia 1 imepimwa hivi: mililita moja kwa ng'ombe wa kilo 50. Mbwa wetu wa kawaida ana kilo kumi na tano, na mkono uliozoea sirinji ya ng'ombe hauoni tofauti ndogo kama hizo. Mbwa wenye damu ya Collie wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia ubongoni, na hao hata dozi ya kawaida ya ng'ombe inaweza kuwazimisha. Kuhusu oili chafu ya gari na mafuta ya taa mgongoni, niseme tu kwamba mbwa hujilamba.

Dawa za mbwa mwenyewe zimebadilika sana katika miaka kumi na kitu iliyopita. Kuanzia 2013 na 2014 zimeingia sokoni tembe za kundi la isoksazolini. Mbwa anatafuna moja, na kwa mwezi mzima, au kwa wiki 12 kutegemea aina, kupe na viroboto wanaomnyonya wanakufa. Ni hatua kubwa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba baadhi ya mbwa hupata degedege kwa dawa hizi, kwa hiyo mwenye mbwa wa kifafa aseme kabla hajauziwa. Lakini tembe humuua kupe baada ya kuuma, na bakteria wa ehrlichia anaweza kupita ndani ya saa chache tu tangu kupe ashike. Kwa banda lililosheheni, mimi naegemea kola au dawa ya matone inayomfukuza kupe kabla hajauma, na pamoja na hayo fundi wa plasta. Najua fundi haandikwi kwenye cheti cha dawa. Lakini kuziba nyufa, kuchoma magunia ya kulalia, kunyunyizia dawa ya kupe ndani ya kila mwanya na kurudia baada ya wiki mbili au tatu, mayai yakishaangua, kunaokoa mbwa wengi kuliko sindano zangu.

Paka ana sheria yake. Permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za matone na poda za mbwa, ni sumu kwake. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama la mbwa. Anaanza kutetemeka masikio na misuli, kisha degedege, na usipowahi anakufa. Wapo waliompaka paka dawa ya mbwa kwa mapenzi, wakigawa nusu kwa sababu ni mdogo. Paka anaweza kudhurika hata kwa kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda huohuo. Na kwa kuwa tupo hapo: panado moja inatosha kumuua paka. Usimpe.

Viroboto nao hufuata kanuni ya kupe. Wale wazima unaowaona kwenye manyoya ni kama asilimia 5 tu ya jumla. Mayai, mabuu na mapupa yapo kwenye zulia, mkeka na vumbi la chini ya kitanda. Pupa anaweza kungoja miezi ndani ya kifuko chake na kuibuka anapohisi mtikisiko wa hatua. Familia inarudi kutoka likizo, inafungua mlango, na viroboto wanaruka miguuni ingawa nyumba haikuwa na mnyama. Kiroboto pia hubeba tegu: mbwa au paka akimmeza kwa kujilamba, baada ya wiki chache utaona vipande vinavyofanana na punje za mchele kwenye mkia.

Minyoo mingine inahusu watoto wako moja kwa moja. Kitoto cha mbwa huzaliwa kikiwa tayari na minyoo ya mviringo, imepita kutoka kwa mama kabla hajazaa, na safura hukipata kwenye maziwa. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili mpaka baada ya kuachishwa, wakati wengi huanza kufikiria habari hiyo akishafika miezi mitatu na tumbo limejaa. Kwenye fukwe zetu mabuu ya safura ya mbwa na paka huingia nyayo za watu na kuchora mistari inayowasha. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, tegu mdogo wa mbwa aitwaye ekinokoka alisababisha uvimbe wa maji kwenye maini na mapafu ya watu kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kuanzia miaka ya 1980 mpango ulioongozwa na shirika la AMREF uliunganisha upasuaji wa wagonjwa na kuwapa mbwa prazikwanteli mara kwa mara, na watu walioambukizwa wakapungua. Kule mbwa alipata dawa kwa sababu ya binadamu. Si haba, mbwa hajali sababu.

Pamoja na hayo yote, mbwa hufa. Wakati mwingine kwa uzee, wakati mwingine kwa gari, mara nyingi kwa yale niliyoyataja. Na hapo ndipo watu wazima wenye akili zao hunishangaza kwa kuomba radhi. Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, alilia ofisini kwangu, kisha akafuta uso na kusema, "Samahani Daktari, si mbwa tu?" Alikuwa akijisemea maneno ambayo angeambiwa na majirani.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui: mtu amepoteza, lakini hakuna desturi inayomruhusu kuonyesha. Kufiwa na mnyama ni mfano wake wa wazi. Kwetu mtu akifiwa anajua la kufanya, na sisi tunajua: tunakwenda, tunakaa mkekani, tunachanga, tunapika, tunasema pole. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba hauhitaji mfiwa aeleze anajisikiaje. Mbwa akifa, utaratibu wote unanyamaza. Hakuna anayekuja, ruhusa ya kazini haiombwi, na mwenye kulia anaonekana ameiga Wazungu.

Kuiga Wazungu! Mwanahistoria Mgiriki Herodotus aliwakuta Wamisri wa kale wakinyoa nyusi paka wa nyumbani akifa, na mwili mzima akifa mbwa. Huko Berenike, bandari ya Bahari ya Shamu iliyofanya biashara na India, wanaakiolojia wamefukua makaburi ya wanyama karibu 600 ya mnamo karne ya kwanza na ya pili, wengi wao paka, baadhi wakiwa na mikufu shingoni. Na Mwislamu anayeona haya kumsikitikia mnyama anajua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamletea mbwa mwenye kiu maji ndani ya kiatu chake, akasamehewa. Hukumu za unajisi wa mate ya mbwa ni suala la twahara. Hazikuwahi kufuta huruma.

Ila huzuni ya aliyefiwa na mbwa kwa ugonjwa wa kupe ina kitu ambacho huzuni ya uzee haina, nacho ni hesabu. Laiti ningemaliza vidonge. Laiti ningemleta Alhamisi. Laiti nisingenunua ile dawa dukani. Watu hunijia wiki kadhaa baadaye, wakijifanya wamepita tu, ili waulize swali moja: ningemleta mapema, angepona? Wenzangu wengi hujibu, "Hapana, ilikuwa imeshafika," hata pale isipokuwa kweli. Mimi sikubaliani na faraja ya aina hiyo. Mtu aliyeuliza anataka kujua kilichotokea, na ukimdanganya atalisikia jibu la kweli siku nyingine kwa mtu asiye na huruma. Ninamweleza ugonjwa ulivyokwenda, hatua kwa hatua. Mara nyingi ukweli wenyewe unampa nafuu, kwa sababu ehrlichia hujificha kwa miezi na hakuna jicho la nyumbani ambalo lingeiona. Pale ambapo kweli alichelewa, nasema alichelewa, na nasema pia alichokuwa akikijua siku ile. Watu huyahukumu maamuzi ya Alhamisi kwa habari walizopata Jumapili.

Kuna uamuzi mgumu kuliko wote, wa kumpumzisha kwa sindano. Kwetu unaombwa kwa kuchelewa sana, kwa sababu ya dini, au kwa matumaini, au kwa sababu hakuna aliyeutaja. Mbwa ambaye hali, hanyanyuki, na damu yake haipandi tena hata kwa kuongezewa, hana anachokisubiri ila maumivu. Ninautaja mwenyewe mapema, bila kusukuma. Ikiwa sindano hiyo imetumika, mwili uzikwe kwa kina kirefu, mbali na kisima, wala usitupwe dampo: dawa hubaki nyamani na kuwaua tai na mbwa wengine wanaokula mzoga. Na ikiwa mbwa alibadilika tabia kabla ya kufa, akauma ovyo, akadondosha mate, taya likalegea, usimguse. Waite watu wa mifugo, na yeyote aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kupata chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Huzuni ingoje.

Kuzika kwenyewe nakuunga mkono, hasa kwa ajili ya watoto. Wazazi wengi hupenda kusema mbwa amepelekwa shamba. Mtoto wa miaka sita anajua shamba ni wapi, na ataomba kwenda. Mwambie amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi. Mwache aone shimo, atupe udongo kama anataka. Usiseme amelala, kwa mtoto ambaye usiku ule utamwambia akalale.

Na kuna mtu mwingine ambaye husahaulika kabisa. Katika nyumba nyingi za mijini mwenye mbwa ni jina la kwenye kadi ya chanjo tu. Anayempikia ugali na dagaa, anayemwosha, anayekesha naye getini saa tisa usiku ni askari au dada wa kazi. Mbwa akifa, watoto wanabembelezwa, baba anapigiwa simu na rafiki, na mlinzi anapewa jembe. Nimeona walinzi wakichimba kaburi bila kuinua uso, kisha wakaulizwa kwa nini hawakusema mapema kwamba mbwa anaumwa, nao walisema, wiki nzima, wakaambiwa atapona tu. Pole ya kwanza ni yake. Na kama unataka kujua mbwa aliacha kula lini hasa, muulize yeye.

Baada ya haya ndipo tufike kwenye lile swali la "nitampata wapi mwingine." Kumbuka kupe anayesubiri ufani kupita mwaka. Kila msimu naletewa kitoto cha mbwa kilichonunuliwa ili kuwafuta watoto machozi, kikawekwa kwenye banda lilelile, juu ya gunia lilelile, na baada ya mwezi kina homa. Sasa watoto wanalia mara ya pili, na safari hii hata wazazi wanaanza kusema nyumba ina mkosi. Mkosi upo kwenye plasta.

Banda livunjwe au lizibwe, lipuliziwe na kurudiwa, na mbwa au paka waliobaki nyumbani wapate dawa kwa mkupuo mmoja. Kama wa kwanza alikufa kwa parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Afadhali umchukue mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa kuliko kitoto. Wakati wa kazi hiyo ya banda watoto nao watakuwa wamepata muda wa kumtaja yule wa zamani mpaka waishiwe. Mwache mlinzi aende nawe kuchagua. Mkifika kwa muuzaji, geuzeni masikio ya kitoto, tazameni kati ya vidole na chini ya mkia, kwa maana kupe husafiri ndani ya boksi bila nauli, na ombeni kumwona mama yake. Muuzaji akisema mama yuko mbali na hawezi kuonekana, mwachieni na boksi lake.